Supu ya Arusha au choma ya Nairobi? Ulinganisho kwa anayevuka mpaka akiwa na njaa

Mara ya kwanza kuagiza supu jijini Nairobi, mimi niliyelelewa Tanga nikijua kuwa supu ni kitu cha asubuhi chenye kongoro, ndimu na pilipili, nilimwagiwa upawa wa mchuzi wa maharage juu ya chapati, na mhudumu akaenda zake akiwa na hakika kwamba amenifanyia hisani. Hakuna aliyenikosea. Katika vibanda vya Nairobi, supu ni majimaji yoyote yanayozunguka kitoweo, yawe ya maharage, ya ndengu au ya nyama, na mteja anayesema "niongezee supu" huwa anaomba kile ambacho Dar es Salaam kingeitwa mchuzi. Tangu siku hiyo nimeamini kuwa sehemu kubwa ya ubishi wa Wakenya na Watanzania juu ya nani anapika vizuri zaidi ni ubishi wa majina, kwa sababu mgeni huagiza kwa neno la kwao, hupewa sahani ya wenyeji, kisha hurudi nyumbani kusimulia kwamba wale watu hawajui kupika.

Kwa hiyo ulinganisho huu unapima mambo mawili kwa pamoja: ni chakula gani kifuatwe upande upi, na kiitweje kikifikiwa. Sijifanyi hakimu asiye na kwao. Msomaji wa Kenya ana ruhusa ya kunipunguzia alama popote atakaposikia harufu ya nazi ya Tanga.

Asubuhi

Kwa mlo wa asubuhi, hukumu yangu ni Tanzania, na sioni haja ya kuizungushia maneno. Katika miji mingi ya bara, jua likiwa bado halijakolea, tayari kuna sufuria la supu ya ng'ombe, ya kuku, ya utumbo au ya makongoro, na watu wameketi wakiinywa kwa chapati au kwa ndizi za kuchemsha, huku kipande cha ndimu kikizunguka mezani kana kwamba ni mali ya wote. Moshi na Arusha kuna mtori, yaani ndizi mbichi zilizopikwa pamoja na nyama kisha zikapondwa mpaka zikawa laini, chakula ambacho Wachaga humpa mama aliyejifungua na ambacho asiyejifungua pia hakikatai. Pwani kuna vitumbua, maandazi, kachori na mihogo, vyote vikikusanywa chini ya neno moja ambalo Nairobi sijalisikia likitumika sana: vitafunwa.

Kenya hujibu kwa chai, na kwa chai inashinda. Nchi hiyo ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa chai nyeusi duniani, na anayepita Kericho au Limuru huona mashamba hayo ya kijani yakipanda na kushuka vilima. Lakini ushindi wenyewe uko sufuriani, ambako majani huchemshwa pamoja na maziwa mpaka rangi ikolee. Neno "chai" peke yake, likitajwa Nairobi, linamaanisha chai ya maziwa, na asiyetaka maziwa ndiye anayepaswa kujieleza kwa kuagiza turungi. Tanzania mhudumu atauliza kwanza, "Ya rangi au ya maziwa?" na wengi watachagua ya rangi. Kinachoandamana na chai ya Kenya, hata hivyo, kinahitaji tahadhari. Mandazi, ambayo vijana huiita ndao, ni laini na haina neno, lakini ana ndugu yake mgumu, mzito, aliyebatizwa KDF, jina la jeshi la ulinzi la nchi hiyo. Meno dhaifu yasijaribu vita hivyo bila chai ya kutosha pembeni.

Mombasa iwekwe kando katika hukumu hii. Mahamri yenye iliki pamoja na mbaazi za nazi ni kifungua kinywa ambacho Tanga, Zanzibar na Mombasa wanaweza kukigombania kwa karne nyingine bila mshindi, na mimi nimeamua kutokuwa shahidi.

Ugali, na kile kinachoitwa mboga

Hapa maneno yanategana kuliko popote. Tanzania, sembe ni unga mweupe uliokobolewa na dona ni unga wa mahindi yasiyokobolewa, kwa hiyo swali "sembe au dona?" ni swali la afya, la ladha na wakati mwingine la mfuko. Nairobi, sembe ni jina la mtaani la ugali wenyewe, na anayeulizia dona ataangaliwa kama mtu anayeita jina la mpangaji aliyehama. Wanafunzi wa shule za bweni za Tanzania nao wana lao, nguna, ambalo hutamkwa kwa mchanganyiko wa mapenzi na kinyongo.

Neno "mboga" ni mtego mkubwa zaidi. Mtanzania akiuliza, "Leo mboga nini?" anaweza kujibiwa "dagaa" au hata "nyama", kwa kuwa kwake mboga ni chochote kinachotelemshia ugali. Mkenya wa bara akisikia mboga anaona majani, na mara nyingi anaona sukuma wiki, majani ambayo jina lake linatangaza kazi yake ya kuisukuma wiki hadi mshahara ufike. Mwenyeji wa Nairobi akikuambia kuwa nyumbani kuna ugali na mboga tu, usitarajie mshangao wa samaki chini ya sahani.

Kwa majani yenyewe, uchaguzi unategemea ulimi. Anayependa uchungu mzuri wa kienyeji aende Kenya, ambako managu, saga na terere vimepata heshima mpya. Juhudi za Kenya za kukuza na kulinda vyakula vya asili ziliingizwa na UNESCO mwaka 2021 katika orodha yake ya mifano bora ya uhifadhi. Mtanzania asidhani kuwa hayo ni majani ya ajabu, maana managu ni mnavu wake, saga ni mgagani na terere ni mchicha. Anayependa majani yaliyopikwa yakapikika, yakanyweshwa nazi au karanga mpaka yakasahau kuwa yalikuwa majani, aende Tanzania akaombe kisamvu, yaani majani ya mihogo, au matembele, ya viazi vitamu. Mimi ni wa kisamvu, na naamini sukuma wiki iliyokaangwa kwa haraka na kitunguu ni chakula chema kilichonyimwa muda.

Sokoni orodha ya kutoelewana ni ndefu, ila moja inastahili onyo kabisa. Ndengu za Kenya ni choroko za Tanzania, wakati dengu za Tanzania ni punje nyingine kubwa zaidi, tena za rangi tofauti. Aliyetumwa ndengu akarudi na dengu hajakosea tahajia, amekosea chakula cha jioni. Nyingine ni nyepesi: nduma ni magimbi, waru ni viazi mviringo ambavyo Zanzibar ni mbatata, dania ni giligilani, na avokado ni parachichi.

Ziwa moja, majina mawili

Samaki wa Ziwa Victoria hawana uraia, lakini majina yao wanayo. Samaki yule mdogo wa kukaushwa ni omena Kisumu na ni dagaa Mwanza. Yule mkubwa aliyepandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 ni mbuta upande mmoja na sangara upande mwingine. Na yule mtamu wa kuliwa mzima, vidole vikifanya kazi ya uma, ni ngege kwa Waluo na sato kwa Watanzania. Kwa hiyo swali la nani ana samaki bora wa ziwa halina maana kubwa, isipokuwa katika mapishi. Samaki wa Kisumu aliyekaangwa kisha akapikwa kwenye mchuzi wa nyanya, akaletwa na ugali mkubwa usiotikisika, ni sababu tosha ya safari. Kwa dagaa, nashika upande wa Tanzania kwa hila ndogo: dagaa wa Kigoma hawatoki Ziwa Victoria bali Ziwa Tanganyika, na utamu wao unaifanya omena ionekane ya kawaida. Mkenya atasema nimebadilisha uwanja katikati ya mchezo, na atakuwa sahihi.

Makande na githeri

Mahindi na maharage katika chungu kimoja: Tanzania ni makande, Kenya ni githeri, na kila upande huapa kuwa mwenzake amekosea hatua moja. Githeri ya Wakikuyu hutumia mahindi yenye maganda yake, yanayotafunika kwa ubishi, na ya mjini huungwa kwa kitunguu, nyanya na viazi, kisha pembeni hukaa kipande cha avokado ambacho ndicho, kwa maoni yangu, kinachoiokoa. Makande, ambayo utani wa Tanzania umeyakabidhi kwa Wapare moja kwa moja, mara nyingi hupikwa kwa mahindi yaliyokobolewa, huiva taratibu, na yakitiwa nazi huwa chakula cha kuongezewa bila kuombwa. Ukweli ni kwamba ndugu wa karibu wa makande huko Kenya ni muthokoi wa Wakamba, uliokobolewa vilevile, wala si githeri. Mabishano mengi yangekwisha kama wapishi sahihi wangekutanishwa.

Githeri, hata hivyo, ina historia ambayo makande hayana. Katika uchaguzi wa Agosti 2017, picha ya mpiga kura aliyekuwa kwenye foleni akila githeri kutoka kwenye mfuko wa plastiki ilienea Kenya nzima na kumfanya kipenzi cha watu waliokuwa wakihitaji kucheka katika siku za wasiwasi. Kabla mwezi huo haujaisha, marufuku ya mifuko ya plastiki ilianza kutumika nchini humo, kwa hiyo picha hiyo ni kumbukumbu ya mlo na ya chombo chake kwa pamoja.

Tofauti ya utani nayo ionekane hapa. Tanzania ina utani wa jadi kati ya makabila, wenye ruhusa na mipaka yake, na ndiyo maana Mpare huambiwa juu ya makande, Mgogo juu ya mlenda, ile mboga ya kuteleza, na Mhaya juu ya senene, wale wadudu wa kuliwa, hata msibani, wala hakuna anayenuna. Mkenya anao utani wa namna hiyo juu ya Mluhya na kuku au Mkikuyu na waru, ila huutoa kwa mwendo wa kasi na bila kutangulizia salamu. Mgeni kutoka Dar es Salaam asiudhike; ni utani uleule, umevaa viatu vya kukimbilia.

Moto wa jioni

Ikifika jioni, nenda Kenya. Nyama choma ipo nchi zote mbili, na mishkaki ya Tanzania yenye pilipili na ndimu si ya kubezwa, lakini Kenya imeigeuza nyama ya kuchoma kuwa ibada ya kijamii: nyama huchaguliwa kwa kilo ikiwa bado inaning'inia, hupimwa mbele ya macho yako, huchomwa kwa chumvi tu, kisha huletwa juu ya ubao na kukatwakatwa mbele ya wote, pamoja na kachumbari na ugali. Kenyatta Market jijini Nairobi, na Kikopey kando ya barabara ya Nakuru, ni mahali ambapo subira hulipwa. Pembeni ya moto huohuo kuna mutura, utumbo uliojazwa nyama, damu na viungo, ambao humilikiwa na wauzaji wa kando ya njia wakati watu wanatoka kazini. Kwa Mwislamu damu hiyo inamaliza mjadala; kwa wengine ndiyo inayouanzisha.

Tanzania ina moto wake wa faragha, kitimoto. Jina hilo ni la nyama ya nguruwe, ambayo pia huitwa mdudu au mkuu wa meza, na wingi wa majina unaonyesha nchi ambayo walaji na wasiokula wanaishi nyumba kwa nyumba na wameamua kustahiana. Mkenya anayealikwa kula mdudu jioni aelewe kwamba hajaalikwa kula senene.

Kwa vyakula vya mkononi, mizani inakaribia kulingana. Nairobi inatoa smoki pasua, yaani soseji iliyopasuliwa na kujazwa kachumbari, na mayai pasua yaliyofanyiwa vivyo hivyo, na smocha, ambayo ni smoki iliyoviringwa ndani ya chapati, pamoja na chipsi mwitu, zile zinazokaangwa kando ya njia bila kufugwa na mkahawa wowote. Dar es Salaam inajibu kwa chipsi mayai, ambazo mtaani huitwa zege. Zege ni jina sahihi: viazi ni kokoto, mayai ni saruji, na tumbo baada ya hapo halihitaji ukarabati hadi kesho. Nikilazimishwa, nachagua zege, kwa sababu ni mlo, ilhali smoki ni ahadi ya mlo.

Wali hautanichelewesha. Mwea ina pishori yenye kunukia na Kyela ina mchele unaosifiwa Tanzania nzima, lakini Nairobi mtu husema amekula mchele, kauli inayomfanya Mtanzania amwonee huruma kwa kutafuna punje kavu. Shambani ni mpunga, gunia ni mchele, sahani ni wali. Pilau na biriani zifuatwe pwani, nchi yoyote kati ya hizo mbili.

Maneno yasiyoliwa

Sasa kwa anayetaka kuchagua lugha ya mtaani kabla ya sahani. Nimeona tofauti moja inayomsaidia mgeni kujua wapi atapotea. Sheng ya Nairobi hupenda kulibadilisha umbo neno: chapati inakuwa chapo, chipsi inakuwa chipo, mandazi inakuwa ndao, na kibanda kinakuwa kibandaski. Mgeni hasikii vizuri, anauliza, anajibiwa, anakula. Mtaa wa Dar es Salaam hupenda kuliacha neno kama lilivyo na kulipa kazi nyingine, na hapo mgeni husikia vizuri kabisa kisha akaelewa vibaya. Zege, mdudu na kitimoto ni maneno ambayo Mkenya anayajua yote, na hakuna hata moja litakalomfikisha kwenye chakula kinachokusudiwa. Kenya nayo ina maneno ya namna hiyo, kama KDF na mwitu, lakini mkondo mkuu ndio huo.

Mtanzania akisema wikiendi amekula bata, hakuna bata aliyechinjwa, alikuwa akistarehe. Akisema hadithi yako ni chai, hakusifii ukarimu, anasema umemdanganya, ilhali ofisini chai katika nchi zote mbili imewahi kuwa jina la rushwa. Mechi ya kiporo si ya kupasha moto, ni mchezo uliosalia kwenye ratiba. Hata ajira hupotea kwa vyakula tofauti: Mkenya aliyefutwa kazi amemwaga unga, na Mtanzania mwenye msiba huohuo kitumbua chake kimeingia mchanga. Unga uliomwagika unaweza kuzolewa. Kitumbua chenye mchanga hakina dawa. Katika kipengele hiki naipa Tanzania ushindi wa picha na Kenya ushindi wa kasi, kwa kuwa Sheng hutengeneza neno jipya la kula, iwe kumanga au kudishi, kabla msosi wa Mtanzania haujapoa.

Namna ya kuagiza ni sehemu ya uchaguzi pia. Tanzania, anza na salamu, "Shikamoo mama" kwa mama ntilie, yaani mwanamke muuza chakula, aliyekuzidi umri, kisha "Naomba wali maharage". Anayeanza na "Leta" atahudumiwa, ila kwa ukimya unaosikika. Ukiandika barua rasmi, mwite mama lishe. Nairobi, kinachotarajiwa ni kusema haraka unachotaka, maana nyuma yako kuna foleni, na mwenye kibanda aliyekuita "kastoma" kwa furaha hataona utovu wa adabu katika "Nipatie chapo madondo", yaani chapati na maharage. Bei nayo isikuchanganye: buku la Tanzania ni shilingi 1,000, ambazo ni kama shilingi 50 hivi za Kenya, na jero ni nusu yake, wakati soo ya Nairobi ni shilingi 100.

Kwa aliye na siku moja tu, ushauri wangu unategemea barabara. Arusha na Nairobi zimeachana kwa takriban kilomita 270 kupitia Namanga, ambako tangu mwaka 2018 taratibu za nchi mbili hufanyiwa chini ya paa moja. Kunywa mtori Arusha alfajiri. Vuka mpaka ukiwa umeshiba, kwa sababu mtu mwenye njaa hujibu vibaya maswali ya uhamiaji. Alasiri fika Nairobi, agiza kilo ya mbuzi, na wakati inachomwa omba chai bila kuongeza neno lolote. Ukiulizwa kama unataka supu, sema ndiyo, lakini shikilia chapati yako mbali kidogo mpaka uone kinacholetwa.